Tiba ya kinga kwa saratani ya utumbo mpana: kabla hujauza shamba, uliza kipimo hiki

Jioni moja mama mmoja na kijana wake walinifuata zahanati, nikiwa nimeshaanza kufunga rejista. Baba wa nyumba alikuwa amepasuliwa saratani ya utumbo mpana miezi miwili nyuma, na picha zilizopigwa baadaye zilionyesha madoa kwenye ini. Kijana akatoa simu, akanionyesha ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye WhatsApp: kuna dawa mpya, wagonjwa wote waliopewa wamepona, uvimbe umetoweka bila kisu wala mionzi.

"Sista, mteja wa shamba tumeshampata," akaniambia. "Tukiongeza na ng'ombe wawili, safari ya India inatimia. Tumwahishe baba?"

Ujumbe ule haukuwa wa uongo, na ndiyo maana nilishindwa kumjibu kwa neno moja. Dawa ipo, na wagonjwa wale walipona kweli. Lakini ujumbe uliacha jambo moja, na bila jambo hilo familia ingeweza kuuza kila kitu kwa ajili ya dawa ambayo isingemsaidia baba hata kidogo.

Kama nawe umepokea ujumbe wa namna hiyo, au una ndugu mwenye saratani ya utumbo mpana, makala haya ni yako. Nitaeleza habari zenyewe zinasema nini, kinga ya mwili inafanya nini ndani ya uvimbe, kwa nini saratani nyingine husambaa na nyingine huchelewa, na swali gani uulize kabla ya kutoa fedha.

Habari zenyewe zinasema nini

Juni 2022, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo kutoka hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York. Wagonjwa 12 wenye saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa, walipewa dawa iitwayo dostarlimab kwa miezi 6. Kwa wote 12 uvimbe haukuonekana tena, si kwa kamera, si kwa MRI, si kwa kipimo cha kinyama. Aprili 2025 timu hiyohiyo ilitoa taarifa kubwa zaidi: wagonjwa 49 wa saratani ya eneo hilo walikuwa wamemaliza dawa, na kwa wote 49 uvimbe ulikuwa umetoweka.

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya Uholanzi. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana ambayo ilikuwa haijasambaa mbali walipewa dawa mbili za kundi hilo kwa wiki chache tu kabla ya upasuaji. Kati ya 111 waliopimwa, 95 kati ya kila 100 walikutwa na mabaki kidogo sana ya saratani au hawakukutwa nayo kabisa. Kwa 68 kati ya kila 100, haikuonekana hata seli moja hai ya saratani kwenye utumbo uliotolewa.

Na kwa waliokwisha kusambaa? Utafiti wa wagonjwa 307 uliochapishwa Desemba 2020 ulilinganisha dawa iitwayo pembrolizumab na tibakemikali ya kawaida. Waliopata pembrolizumab walikaa kwa wastani miezi 16.5 kabla ugonjwa haujasonga mbele au kifo kutokea. Wenzao walikaa miezi 8.2. Hata hivyo, karibu 3 kati ya kila 10 waliopewa pembrolizumab, ugonjwa wao uliendelea kukua tangu mwanzo licha ya dawa.

Sasa lile lililoachwa kwenye ujumbe. Wagonjwa wote hawa walichaguliwa kwanza kwa kipimo cha uvimbe wao. Wote walikuwa na aina moja maalumu ya saratani, ambayo kwenye karatasi za majibu huandikwa dMMR au MSI-H. Ukichukua saratani zote za utumbo mpana, aina hiyo ni takriban 15 kati ya kila 100. Ukichukua zile tu ambazo zimekwisha kusambaa mbali, ni takriban 5 kati ya kila 100.

Na wale wengine? Mwaka 2015 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, waliwapa pembrolizumab wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, wa aina zote mbili. Kati ya 10 wenye aina ile maalumu, uvimbe ulipungua kwa 4. Kati ya 18 wenye aina ya kawaida, haukupungua kwa hata mmoja.

Rudi kidogo kwenye zile namba mbili, 15 na 5. Kwa nini aina hii inapungua hivyo tukifika kwa wagonjwa ambao ugonjwa umesambaa? Ni kwa sababu yenyewe husambaa mara chache zaidi. Kinga ya mwili inaiona, inaivamia na kuichelewesha. Tukielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Uvimbe una wakazi wengi

Wengi tunafikiri uvimbe ni bonge la seli za saratani tupu. Sivyo. Ukikata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini, utakuta seli za saratani zimechanganyika na mishipa ya damu, nyuzi za kushikilia nyama, bakteria wa tumboni, na seli za kinga za aina nyingi. Baadhi ya seli hizo za kinga zinapigana na saratani, nyingine zimelala, na nyingine zimegeuzwa kuwa wasaidizi wa saratani.

Kama umewahi kufika kliniki ya CTC, neno CD4 si geni kwako. CD4 ni aina ya seli T, askari wa kinga wanaoelekeza wenzao. Ndugu zao ni CD8, ambao kazi yao ni kuua seli iliyoambukizwa virusi au iliyogeuka saratani. Kliniki ilikuwa inahesabu CD4 kwenye damu. Kwenye saratani ya utumbo mpana swali ni tofauti: je, askari wameingia ndani ya uvimbe, au wamebaki nje?

Mwaka 2006 watafiti wa Paris, wakiongozwa na Jérôme Galon, walichapisha kwenye jarida la Science jambo lililobadilisha namna ya kuitazama saratani hii. Walihesabu seli T katikati ya uvimbe na kwenye ukingo wake, pale saratani inapokutana na nyama nzima. Waliona kwamba wagonjwa wenye seli nyingi katika sehemu zote mbili waliishi muda mrefu zaidi, na saratani yao ilirudi mara chache zaidi.

Hesabu hiyo ikawa kipimo, kikajaribiwa katika nchi 13 kwa wagonjwa 2,681 ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Katika kundi la kwanza la wagonjwa hao, waliokuwa na seli T nyingi ndani ya uvimbe, saratani ilirudi ndani ya miaka 5 kwa 8 kati ya kila 100. Kwa wenye seli za wastani ilirudi kwa 19. Kwa wenye seli chache ilirudi kwa 32.

Saratani ikirudi baada ya upasuaji, maana yake mara nyingi ni kwamba kuna seli zilizokuwa zimeshatoroka kabla ya kisu kufika. Kwa hiyo idadi ya askari ndani ya uvimbe inatuonyesha pia ni kwa kiasi gani mwili uliweza kuzuia watoro.

Kwa nini kinga inaiona saratani moja na kuipita nyingine

Kila seli inapogawanyika, hunakili maelekezo yake yote, yaani vinasaba. Ni kama mwanafunzi anayenakili daftari zima: lazima atakosea herufi mahali. Mwilini zipo protini zinazopita nyuma na kusahihisha makosa hayo. Nne kati yake zina majina utakayoyaona kwenye karatasi ya majibu: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6.

Ikiwa moja au mbili kati ya hizo hazifanyi kazi, makosa hurundikana kwa mamia na maelfu. Seli hutengeneza protini za ajabu ambazo mwili haujawahi kuziona. Hiyo ndiyo dMMR, mfumo wa kusahihisha ulioharibika. Uharibifu huo ndio ulioleta saratani, lakini pia ndio unaoifanya ionekane. Seli T zinaitambua kama mgeni na kuingia ndani ya uvimbe kwa wingi.

Basi kwa nini haziimalizi? Kwa sababu saratani inajua kukanyaga breki. Kila seli T ina breki juu ya ngozi yake, moja ikiitwa PD-1, ili isije ikaushambulia mwili wenyewe. Uvimbe hubonyeza breki hiyo na askari wanasimama. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuachia breki hizi. Dostarlimab na pembrolizumab hufanya kazi hiyo: haziui saratani zenyewe, zinawaruhusu askari ambao tayari wamo ndani waendelee na kazi.

Kwenye aina ya kawaida, ile ya wagonjwa 85 kati ya 100, mfumo wa kusahihisha ni mzima. Makosa ni machache, na askari wengi hawaoni cha kushambulia. Juu ya hapo, uvimbe hujizungushia ukuta wa nyuzi na kutoa kemikali iitwayo TGF-beta inayowazuia askari kuingia. Watafiti wa Barcelona walionyesha mwaka 2018, kwa panya wenye saratani ya utumbo iliyosambaa, kwamba kemikali hiyo ikizuiwa, seli T huingia na dawa za kuachia breki huanza kufanya kazi. Kwa binadamu njia hiyo bado haijawa tiba ya kawaida.

Wapo pia askari wasimamizi, aina ya seli T ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Bila wao, kinga ingeutafuna mwili wenyewe. Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa uvumbuzi kuhusu seli hizi. Uvimbe mwingi huwakusanya wasimamizi hao na kuwatumia kama kivuli.

Sasa unaelewa kwa nini wale 18 wa Johns Hopkins hawakupata nafuu. Kuachia breki hakusaidii kama gari lenyewe halipo barabarani.

Kwa nini ini

Wengi huuliza: saratani ya tumbo inafikaje kwenye ini? Damu yote inayotoka kwenye utumbo, ikiwa imebeba chakula kilichosagwa, hupitia mshipa mkubwa kwenda kwenye ini kwanza, kabla ya kurudi kwenye moyo. Seli ya saratani iliyotoroka hupita njia hiyohiyo. Ndiyo maana ini ndiyo sehemu ambayo saratani hii huhamia mara nyingi zaidi, na mapafu hufuata.

Ini lina tabia nyingine. Kila siku hupokea vitu vigeni kutoka tumboni, vya chakula na vya bakteria. Kama kinga yake ingekuwa kali kwa kila kigeni, tungeugua kila baada ya mlo. Kwa hiyo ini limezoea kuvumilia, na saratani hunufaika na uvumilivu huo. Mwaka 2021 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba saratani ikishakaa kwenye ini, baadhi ya seli kubwa za kinga za hapo huwanasa askari CD8 wanaopita kwenye damu na kuwaua. Matokeo yake, hata uvimbe ulio sehemu nyingine ya mwili hukosa askari.

Hii ni sababu mojawapo kwa nini dawa ileile inaweza kufuta uvimbe ambao haujasafiri, lakini ikahangaika pale ugonjwa ulipofika kwenye ini. Usilinganishe habari ya mgonjwa wa New York, ambaye ugonjwa wake ulikuwa sehemu moja, na baba yako mwenye madoa kwenye ini.

Lakini pia usikate tamaa ukisikia neno ini. Madoa yakiwa machache na yakiwa sehemu inayofikika, daktari wa upasuaji anaweza kuyatoa, na baadhi ya wagonjwa hupona kabisa. Muulize daktari waziwazi: "Je, haya yanaweza kukatwa, sasa au baada ya dawa?"

Kipimo cha kuuliza

Sasa tufike kwenye jibu nililompa yule kijana. Nilimwambia: kabla baba hajasafiri, kinyama chake kisafiri kwanza.

Mgonjwa anapopasuliwa au kuchukuliwa kinyama kwa kamera, kipande hicho huwekwa kwenye dawa iitwayo fomalini, kisha hugandishwa ndani ya nta na kuhifadhiwa maabara. Kipande hicho hukaa miaka. Huhitaji kumkata tena mgonjwa. Mtaalamu wa patholojia hukata utando mwembamba kutoka kwenye nta, huupaka rangi maalumu, na kuangalia kama zile protini nne zipo. Zikiwepo zote, saratani ni ya aina ya kawaida, na kwenye majibu huandikwa pMMR au MSS. Moja au zaidi ikikosekana, ni dMMR.

Si kila maabara inafanya kipimo hiki, na huenda kipande kikalazimika kutumwa mji mwingine. Hata hivyo gharama ya kutuma kipande cha nta na kukipima ni ndogo mno ukilinganisha na tiketi, viza, hoteli, na dozi moja tu ya dawa yenyewe. Mwombe daktari wako kwa maneno haya: "Tunaomba kipimo cha MMR kwenye kinyama kilichohifadhiwa." Ana haki ya kukueleza kama kinafaa kwa hali ya mgonjwa wako, na wewe una haki ya kuuliza.

Majibu yakiwa dMMR, mambo mawili hufuata.

La kwanza, tiba ya kinga inastahili kujadiliwa kwa uzito. Hapo mazungumzo ya gharama, bima na rufaa yana maana. Mjadili pia madhara, maana dawa hizi zikiachia breki, askari wanaweza kushambulia tezi ya shingo, mapafu, ini au utumbo wenyewe. Mgonjwa anayezitumia akipata kuharisha kusikoisha, kukohoa au kubanwa pumzi, au macho kuwa ya njano, awahi hospitali na aseme anatumia dawa gani.

La pili, familia inahusika. Mara nyingine kasoro hii hurithiwa, na huitwa ugonjwa wa Lynch. Ndugu wa damu na watoto wa mgonjwa huenda wakahitaji kupimwa kwa kamera mapema na mara kwa mara, wakiwa bado vijana na hawajisikii kuumwa. Si kila dMMR ni ya kurithi, kwa hiyo daktari ataeleza kama kipimo kingine kinahitajika.

Majibu yakiwa pMMR, kama ilivyo kwa wengi, usione umefungiwa mlango. Upasuaji na tibakemikali bado vina kazi kubwa, na mionzi inapohitajika. Fedha ulizookoa ndizo zitakazolipia dawa hizo, nauli za kliniki na chakula cha mgonjwa.

Habari nyingine ya 2025: aspirini

Kuna habari ya pili ambayo nayo imeanza kuzunguka, na inagusa kidonge kinachouzwa kila duka la dawa.

Machi 2025 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba chembe sahani za damu hutoa kemikali inayowalegeza askari seli T, na kwamba aspirini huizuia kemikali hiyo. Kwa panya waliopewa aspirini, seli za saratani zilizotoroka zilifanikiwa mara chache zaidi kuota sehemu nyingine. Septemba 2025 yakatoka matokeo kwa binadamu, kutoka Sweden, Norway, Denmark na Finland. Wagonjwa 626 waliokwisha kupasuliwa saratani ya utumbo mpana walipewa aspirini ya miligramu 160 kwa siku au kidonge kisicho na dawa, kwa miaka 3. Kwa waliotumia aspirini, saratani ilirudi kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao.

Ni habari njema, na dawa ni rahisi. Lakini tazama tena nani aliingia kwenye utafiti. Wote walikuwa na mabadiliko maalumu kwenye jeni za uvimbe, ambayo hupatikana kwa zaidi kidogo ya mgonjwa 1 kati ya 3. Wote walikuwa wameshapasuliwa, na ugonjwa haukuwa umebaki kwingine.

Kwa hiyo usianze kumeza aspirini kwa ushauri wa jirani. Aspirini husababisha damu kutoka tumboni na, mara chache, kwenye ubongo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha isiyodhibitiwa, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au mwenye homa inayoweza kuwa dengue, anaweza kupata hatari kubwa kuliko faida. Mtoto hapewi aspirini bila daktari. Kama umepasuliwa saratani hii, peleka swali kliniki: "Je, aspirini inanifaa mimi?"

"Dawa za kuongeza kinga"

Watu wakisikia kinga inapigana na saratani, wauza mitishamba na virutubisho nao hupata neno la kuuzia. Ndoo ya unga inaandikwa "huongeza kinga, huua saratani".

Ukirudi kwenye tuliyoyaona, utajua kwa nini maneno hayo hayasimami. Mgonjwa wa saratani hii kwa kawaida hana upungufu wa askari mwilini. Askari wapo, ila wamefungiwa nje, wamebonyezwa breki, au hawamtambui adui. Unga hauwezi kubomoa ukuta wa uvimbe wala kuachia PD-1. Baadhi ya mitishamba inaweza kuumiza ini ambalo tayari lina kazi ya kuchuja tibakemikali, na nyingine hugongana na dawa. Kama mgonjwa anatumia kitu chochote cha namna hiyo, mwambie daktari bila aibu. Hatutamfukuza. Tunahitaji kujua.

Mlishe mgonjwa chakula cha kawaida anachoweza kula: uji wa lishe, maharage, mayai, samaki, matunda. Hicho humpa nguvu ya kuhimili matibabu, na ndiyo kazi yake.

Wakati ambao kinga ina nguvu zaidi

Duniani kote, mwaka 2022 watu takriban milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana na takriban 900,000 walifariki kwa ugonjwa huu. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ikigunduliwa ikiwa bado kwenye utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Ikishasambaa mbali, ni chini ya 2 kati ya 10. Hakuna dawa iliyotajwa hapa inayoleta tofauti kubwa kama hiyo kwa wagonjwa wote, dMMR na pMMR.

Katika kazi yangu ya mtaani, kinachochelewesha watu mara nyingi ni neno moja: bawasiri. Mtu anaona damu kwenye choo, anaona aibu, ananunua dawa ya kupaka, mwaka unapita. Mara nyingi ni bawasiri kweli. Lakini huwezi kujua bila kupimwa, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Nenda kituo cha afya ukiona:

- damu kwenye choo, iwe nyekundu au choo cheusi kama lami;
- choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki 3, kuharisha au kufunga, au choo kuwa chembamba;
- kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni;
- kupungua uzito bila sababu, au maumivu ya tumbo yasiyoisha;
- upungufu wa damu kwa mwanaume, au kwa mama aliyekoma hedhi.

Hilo la mwisho usilipite. Uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo, ambako aina ya dMMR hupatikana zaidi, huvuja damu kidogokidogo bila kuonekana kwa macho. Mzee anapewa vidonge vya kuongeza damu, anapata nafuu, kisha inashuka tena. Ikishuka mara ya pili, uliza damu inakwenda wapi.

Na usiseme "mimi bado kijana". Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki mwaka 2020 kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, kwa sababu wagonjwa wenye umri mdogo wanaongezeka.

Ya baba yule

Kinyama chake kilipatikana maabara, kikatumwa, na majibu yakarudi baada ya wiki kadhaa. Protini zote nne zilikuwepo. Ilikuwa aina ya kawaida.

Kijana alikaa kimya muda mrefu kwenye benchi. Nilielewa, alikuja akitafuta dawa, nikampa karatasi. Kisha akauliza kama baba anaweza kuendelea na dripu za tibakemikali hospitali ya rufaa, na itagharimu nini kwa mwezi. Tukaketi na mama, tukapiga hesabu: dawa, nauli, mifuko ya choo, chakula. Ng'ombe mmoja aliuzwa. Shamba halikuuzwa, na msimu ule walivuna mahindi.

Sijui kama ningekuwa na la kusema endapo wangekuja kwangu wakiwa wameshapokea fedha za mteja. Kwa hiyo nakuomba wewe uliyesoma hadi hapa: ujumbe wa dawa mpya ukikufikia, usiufute na usiukimbilie. Mwonyeshe daktari na umuulize mambo manne:

1. Ugonjwa wa mgonjwa wetu umefika wapi, na je, unaweza kukatwa?
2. Kipimo cha MMR kimefanyika kwenye kinyama chake? Kama bado, kifanyike wapi?
3. Wagonjwa wanaotajwa kwenye habari hii wanafanana na wetu?
4. Tukianza dawa hii, tutalipa kwa muda gani, na tutajuaje kama inafanya kazi?

Ukipata majibu ya hayo manne, ndipo familia ikae kikao cha fedha.